Punda wa Kwanza Hakurudi: Kwa Wadogo Zangu wa Animesheni

Jumanne alasiri nilipita chumba cha kompyuta kuchukua chaja yangu. Nikamkuta mmoja wenu ameinamia skrini, jasho linamtoka, feni imesimama kwa sababu stima ilikuwa imekatika na laptopu inakula betri. Kwenye folda yake nikasoma majina haya, moja chini ya jingine: punda_mwisho, punda_mwisho2, punda_mwisho_kabisa, punda_mwisho_wallahi. Nikamuuliza, ya leo ni ipi? Akazitazama zote nne, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, nadhani ni hiyo ya wallahi."

Wenzake walicheka sana. Mimi kicheko hakikunijia, maana naijua safari inayoanzia kwenye jina kama hilo na naijua inakoishia. Nimerudi nyumbani Langoni, hapa Lamu, nimekula, nimeshindwa kulala, ndiyo nawaandikia. Niko mwaka wa tatu, bado najifunza. Lakini makosa mnayoyafanya mwezi huu nimeshayafanya yote, mengine mara mbili. Nawapenda na mnanichosha, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

1. Kasi ya fremu ipangwe siku ya kwanza, kabla hujagusa kitu. Miradi yetu ni fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Simu zenu nyingi hurekodi 30. Ukimpiga video punda gatini, kisha ukaiweka video hiyo nyuma ya kazi yako uifuatishe bila kuibadilisha kasi, Blender, programu yetu ya animesheni, itaisoma fremu kwa fremu, na sekunde moja ya punda wa kweli itageuka sekunde moja na robo. Punda wako atakuwa mzito, utahangaika na miguu yake wiki nzima, na miguu haina kosa.

2. Nendeni mkamtazame punda mwenyewe. Hili linanikera kuliko mengine. Mnaishi katika mji ambao saruji, mchanga, mawe na magunia hupita uchochoroni juu ya mgongo wa punda tangu alfajiri, halafu mnaingia mtandaoni kutafuta video ya farasi wa Marekani! Punda akitembea, miguu hufuatana hivi: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Ni mapigo manne, kila moja peke yake. Akianza kukimbia kidogo ndipo miguu huenda jozi jozi kwa mshazari. Nusu yenu mmetengeneza punda anayetembea polepole kwa miguu ya punda anayekimbia, ndiyo maana anaonekana kama anateleza.

Sahibu yangu ndiye aliyenifundisha hili. Tulikuwa mwaka wa kwanza, tunatengeneza filamu fupi ya punda anayebeba mchanga kutoka pwani mpaka nyumba inayojengwa. Yeye alichukua mwendo, mimi nikachukua mandhari na taa. Baada ya kumaliza jaribio la kwanza tulikwenda nalo Mkunguni, mbele ya ngome, tukamwonyesha kwenye simu mzee mmoja ambaye amefuga punda maisha yake yote. Sekunde nane tu. Mzee akaishika simu mbali na macho, akatazama, akasema, "Huyu hakubeba kitu."

Na shogi la kubebea mzigo tulikuwa tumemvisha, limejaa mchanga pande zote mbili! Mzee akasema shogi analiona, mzigo ndio hauoni. Akatueleza: punda mwenye mzigo hushusha kichwa, hupiga hatua fupi, na mguu ukishakanyaga hauna haraka ya kuondoka. Mgongo hauruki. Akizunguka kona huanza kugeuka mapema, maana mzigo unataka kuendelea mbele. Tumelipia mafunzo, jamani, na hakuna aliyewahi kutueleza uzito namna ile.

Sahibu yangu akaanza upya. Wiki tatu alikuwa akiketi Mkunguni na daftari, anahesabu. Kila hatua akaiongezea fremu tatu za mguu kukaa chini. Kichwa kikashuka. Mgongo akauchelewesha fremu mbili nyuma ya bega. Akarudi kwa mzee. Mzee akatazama mara mbili, akarudisha simu, akasema, "Huyu kachoka. Mpeni maji."

Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo katika kazi yetu hii. Mkumbukeni punda huyo, maana namrudia sasa hivi.

3. Majina ya faili. Andika punda_tembea_v001, kesho v002, keshokutwa v003, na neno "mwisho" usiliandike mpaka kazi imeshatoka mikononi mwako. Somo lenyewe limekwisha. Sasa sikilizeni nililipataje.

Kompyuta yenye nguvu ilikuwa moja, sisi wawili. Asubuhi ilikuwa yake, alasiri yangu. Laptopu yangu ilikuwa dhaifu lakini kwa kuta na milango ilitosha, basi nyumbani nilikuwa natengeneza mandhari, nikija nayo kwa fleshi. Faili ya kwenye kompyuta iliitwa punda_mwisho. Na ile ya kwenye fleshi yangu, ambayo nilikuwa nimeinakili wiki tatu nyuma, nayo iliitwa punda_mwisho.

Ilikuwa Alhamisi, wiki mbili kabla ya kuwasilisha. Nilifungua ya kwenye fleshi, nikaona mandhari yangu mapya yamekaa vizuri, nikaihifadhi juu ya ile ya kwenye kompyuta. Jina liligeuka jekundu kunionya kwamba faili ya jina hilo ipo tayari. Wekundu huo niliuona. Niliuona nikaupita, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Halafu nikacheza filamu. Punda akatembea kama meza. Alikuwa punda wa zamani, yule wa "hakubeba kitu". Yule aliyechoka, yule wa wiki tatu za Mkunguni, hakuwamo. Mikono ilinifa ganzi.

Hapa someni polepole. Blender ukihifadhi juu ya faili iliyopo, ile ya zamani haitupwi palepale. Hubadilishwa jina na kuwekwa kando, na mwisho wa jina lake huwa .blend1. Nakala hiyo ni moja tu, isipokuwa kama umeiambia programu iweke zaidi. Kwa hiyo dakika ile, punda wa sahibu yangu alikuwa mzima, ndani ya folda ileile, mstari mmoja chini ya faili niliyokuwa nikiitazama. Mimi nilikuwa naziona faili za .blend1 kila siku na sikuwahi kuuliza ni za nini. Nilidhani ni takataka. Lakini sahibu yangu mwenyewe alikuwa nje barazani, anakunywa kahawa, na mwalimu alikuwa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi. Ningeita tu, "Njooni, nimeharibu," mwalimu angeketi, angeibadilisha jina ile nakala ya kando, na jambo lingekwisha kabla kahawa haijapoa.

Sikuita. Niliinuka nikafunga mlango.

Nikaanza kumrekebisha punda kwa kumbukumbu, nikishusha kichwa, nikifupisha hatua, nikitaka sahibu yangu akirudi asigundue. Na kila baada ya muda mfupi nilibonyeza Ctrl+S, kwa sababu tulifundishwa kuhifadhi mara kwa mara. Mbonyezo wa kwanza tu ulitosha. Nakala ya kando ikafunikwa na faili yangu mbovu, na tangu sekunde hiyo punda yule hayupo popote. Mimi ndiye niliyemfuta, kwa mkono wangu, nikiwa najaribu kuficha kwamba nimemfuta.

Saa kumi na nusu stima ikakatika. Skrini ikawa nyeusi, feni ikasimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Sahibu yangu akafungua mlango, akauliza, "Uliwahi kuhifadhi?" Nikamjibu, "Stima imekula faili."

Maneno matatu. Akanishika bega, akasema, "Pole. Si kosa lako." Alinipa pole mimi.

Alimtengeneza punda wa pili kwa usiku kumi na mbili. Mama yake alikuwa akituletea chakula, bakuli moja kubwa la wali na mchuzi wa samaki, letu sote wawili, na mimi nilikula. Usiku mmoja nilimkuta amelala na shavu juu ya kibodi, na fremu zinakimbia zenyewe kwenye skrini. Niliogopa kumwamsha, si kwa huruma, bali kwa sababu nisingeweza kumtazama usoni. Filamu ilikamilika, tukapita. Punda wa pili anatembea sawasawa, miguu yake haina kosa. Lakini nilipomwambia twende tukamwonyeshe mzee, alikataa. Akasema, "Huyu simpeleki."

Miezi minne baadaye mwalimu alitufundisha habari za .blend1. Nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma yake. Sahibu yangu aliinua mkono akauliza, kwa upole kabisa, kama stima ikikatika faili ikaharibika, ile ya kando inaweza kumsaidia mtu? Mwalimu akasema ndiyo, mara nyingi inaweza. Sahibu yangu akaandika jambo kwenye daftari lake. Hakunigeukia.

Jioni ile nilimfuata pwani nikamwambia yote, kuanzia wekundu wa jina mpaka mlango niliofunga. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja: "Nilipokuwa nalala pale kwenye kibodi, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akaondoka. Siku tisa hakusema nami. Siku ya kumi alikuja chumbani na karatasi aliyoiandika kwa mkono, kanuni za majina ya faili, akaibandika ukutani juu ya swichi, akaniambia, "Kuanzia leo tunafanya hivi." Tumefanya hivyo mpaka leo, na bado tuko pamoja, ila sijamwomba tena amtengeneze punda yule wala yeye hajajaribu.

Karatasi ile ndiyo iliyopo mpaka sasa juu ya swichi. Nyinyi mmebandika ratiba ya mpira juu yake. Iondoeni.

Basi ukiharibu kitu, kwanza toa mikono kwenye kibodi. Usihifadhi, usifunge programu, usijaribu kutengeneza. Kisha ita mtu, na useme ulichofanya kwa maneno yanayolingana na ulichofanya. Hatutawala. Nitakemea dakika mbili, halafu tutakaa tutafute.

4. Kabla ya kumtia mhusika mifupa ya kumchezesha, mchague, bonyeza Ctrl+A, thibitisha ukubwa wake (Scale). Usipofanya hivyo, mikono itavimba ukimzungusha na utalaumu mifupa.

5. Anza na mikao mikuu peke yake, fremu za katikati zizime kabisa. Mkiziacha, programu inalainisha kila kitu yenyewe, na mhusika anaelea kama boya maji yakijaa. Mikao ikisomeka hivyo ilivyo, imeganda, ndipo ufungue ukurasa wa grafu.

6. Ukirenda, yaani ukiiambia kompyuta itoe picha za mwisho za filamu, renda kwa picha za PNG, usirende moja kwa moja kuwa video. Hesabu ni rahisi: filamu ya dakika moja kwa fremu 24 ni picha 1,440, na ikiwa kila picha inachukua dakika moja, hiyo ni siku nzima, saa 24 kamili, bila mapumziko. Nani hapa Lamu ana uhakika wa stima saa 24? Ikikatika kwenye picha ya 1,100, utakuwa na picha 1,099 salama na utaendelea ulipoishia. Ikiwa ulikuwa unarenda video, huenda faili isifunguke kabisa. Mwaka jana mmoja wa waliowatangulia alirenda video usiku kucha, akaja asubuhi na mahamri ya kusherehekea, tukayala tukimfariji.

7. Midomo. Chati za midomo mnazopakua zimetengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Chora midomo mitano ya a, e, i, o, u, ongeza mdomo uliofungwa wa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, utakuwa umefika mbali sana kwa muda mfupi.

Ila fuata sauti, usifuate karatasi. Tulimrekodi mama mmoja mtu mzima wa Shela awe msimulizi. Hati yetu ilisema "njoo", yeye akasema "ndoo". Hati ilisema "macho", yeye akasema "mato". Hicho ni Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, na ndicho kilichotufanya tumchague. Mimi nikahuisha yaliyoandikwa. Tulipowaonyesha watoto wa mtaani, msichana mmoja wa miaka kama saba akasema, "Huyu bibi anasema kingine na mdomo wake unasema kingine." Nikarudia yote, mara hii nimevaa spika za masikioni, karatasi nimeiweka mbali. Tena nawaomba: mkirekodi wazee wetu, msiwasahihishe. Sauti kama zile hamtazipata kwenye maktaba yoyote ya sauti za kununua.

8. Acheni programu za wizi. Mnajaza virusi kwenye kompyuta ya watu wote, na hamna haja. Blender imekuwa huru kwa kila mtu tangu 2002, na Krita ya kuchorea haikudai shilingi. Filamu iliyochukua Oscar ya filamu ndefu ya animesheni mwaka 2025, iliyotoka Latvia, ilitengenezwa kwa Blender hiyohiyo mliyo nayo.

9. Donati. Najua kila anayeanza Blender lazima atengeneze donati ile ya video za mafunzo, na mimi nilitengeneza yangu, ilikuwa na sukari ya waridi juu. Ni sawa. Lakini nimefungua folda zenu nimekuta donati kumi na moja, zote pacha, na hakuna hata mmoja aliyeendelea. Video ya mafunzo inakupa hisia kwamba umejua kumbe umefuata tu. Ukimaliza, ifunge, tengeneza mahamri bila msaada wa mtu. Namna yanavyofura katikati, kona zinavyobaki bapa, mafuta yanavyong'aa upande mmoja. Utakwama kwenye dakika ya tano, na hapo ulipokwama ndipo unapoanza kujifunza kifaa. Wiki ya pili fanya mlango wa kuchonga wa nyumba yoyote ya Mkomani. Mlango utakufundisha subira.

10. Picha ulizovika vitu ndani ya kazi yako zikigeuka rangi ya waridi iliyokolea, faili imepoteza njia ya kuzifikia: fungasha picha zote ndani ya faili kabla ya kuihamisha kwenda kompyuta nyingine. Ukivuka kutoka Mokowe kule bara, laptopu na diski ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji hata kama bahari imelala. Na nakala ziwe mahali pawili angalau, moja isilale chumba kimoja na nyingine.

11. Tableti ya kuchorea isiyo na skrini itakuudhi wiki mbili, mkono huku, jicho kule. Endelea tu.

Yule wa wallahi, tulikaa naye Jumanne ile mpaka saa mbili usiku. Tulifungua zote nne, tukazilinganisha fremu kwa fremu. Kazi yake ya kweli ilikuwa ndani ya punda_mwisho2, na .blend1 yake ipo. Sasa inaitwa v001.

Kesho saa nane mchana nitakuwa chumbani. Kila mmoja aje na diski yake, na aje na sekunde nane za punda wake kwenye simu, mwenye mzigo. Mzee huketi Mkunguni baada ya Alasiri, na macho yake bado ni makali. Sahibu yangu amesema naye atakuja.